Pimbi na ukoo wake mkubwa

Mtaani, ukimwita mtu pimbi umemtukana. Mnyama mwenyewe wala hana habari. Nenda Saanane, kisiwa cha mawe pale Mwanza, utamkuta kajilaza juu ya jabali anaota jua: mnene, masikio mafupi, mkia hana, kilo zake chache tu.

Kumtafutia pimbi kundi kumewasumbua watu tangu zamani. Kitabu cha Walawi, sura ya 11, kinawagawa wanyama kwa kwato na kucheua, na pimbi, anayeitwa humo wibari, akahesabiwa kati ya wanaocheua bila kupasuka kwato. Kwa kweli hacheui. Anachezesha taya tu, lakini ukimtazama kwa mbali utaapa.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden alichapisha toleo la 10 la *Systema Naturae*, ambalo majina ya kisayansi ya wanyama yanahesabiwa kuanzia hapo. Humo tembo yuko fungu moja na kakakuona, kisa eti wote hawana meno ya mbele! Fungu hilohilo alimtia jamaa wa nguva. Hapo alipatia, ila kwa bahati. Mwaka 1766 Mjerumani Peter Simon Pallas akampa pimbi jina la ukoo wa simbilisi. Umbo lilimponza. Baadaye Mfaransa Georges Cuvier aliachana na manyoya, akaichambua mifupa, na kumhamishia pimbi kwa vifaru.

Cuvier alikaribia, ila jamaa wa kweli wa pimbi ni tembo. Mfunue pimbi mdomo, ukithubutu, maana anang'ata: meno mawili ya juu yamechongoka na hayaachi kukua. Pembe za tembo nazo ni meno hayohayo ya mbele, yale ambayo Linnaeus hakuyaona. Vidole vya pimbi vina kucha bapa mithili ya vijikwato. Korodani za dume hazishuki, zinabaki tumboni kama za tembo. Na jike hubeba mimba kwa miezi 7 hivi, muda mrefu mno kwa kiumbe anayeweza kuingia kapuni.

Vinasaba ndivyo vilivyokata shauri. Mwaka 1998 Michael Stanhope na wenzake waliupa ukoo wa pimbi na tembo jina la Afrotheria, kwa kuwa chimbuko lake ni Afrika: tembo, nguva, pimbi, muhanga, fuko wa dhahabu, tenreki wa Madagaska, na sengi, yule mwenye pua ndefu aliyedhaniwa miaka mingi kuwa kirukanjia. Jina sengi lenyewe wataalamu wamelikopa kwetu Wabantu.

Hesabu ya ukoo huo ingali wazi. Mwaka 2008 ilitangazwa spishi mpya ya sengi, mwenye uso wa kijivu, kutoka misitu ya milima ya Udzungwa, Tanzania. Ana gramu 700 hivi, na undugu wake na tembo ni wa karibu kuliko wake na panya.