Kuchambua na Kuhakiki: Istilahi za Riwaya kutoka Mlimani hadi Dirma

Katika lugha ya ofisi zetu neno kuhakiki halina utata. Mwaka 2017, Serikali ilipotangaza matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakabainika kuwa na vyeti vya kughushi, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Kuhakiki ni kulitwaa dai na kuliweka mbele ya ushahidi wake, ili ijulikane kama ni la kweli. Lakini neno hilohilo likiingia katika darasa la fasihi hubadilika sura. Mwanafunzi aambiwapo ahakiki riwaya, aghalabu huandika vichwa vya habari: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, wahusika, muundo, mtindo, mandhari, matumizi ya lugha. Chini ya kila kichwa huweka mistari mitatu au minne, kisha hufunga daftari lake. Dai halikutolewa, wala ushahidi haukutafutwa.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi hizo zilipatikanaje na kwa nini ziligeuka orodha, kisha kuzitazama zinavyopokewa Dirma, upande wa Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambako nyumba nyingi hazisemi Kiswahili kwanza. Mwandishi hana budi kukiri kwamba naye alipita katika orodha hiyo. Aliwahi kupata alama nzuri kwa riwaya ambayo alikuwa ameisoma nusu tu, na hakuna swali hata moja lililomfichua.

Tuanze na neno fasihi lenyewe. Waarabu huita fasihi adab. Sisi hatukuweza kulitwaa neno hilo, kwa kuwa adabu ilikwisha kuwa na kazi nyingine katika Kiswahili, nayo ni mwenendo mwema wa mtoto mbele ya wakubwa. Likatwaliwa fasihi, neno lililokuwa likisifu usemi safi na wazi, ndugu yake fasaha. Sifa ya usemi ikawa jina la sanaa nzima. Badiliko hilo halikutokea kwa siku moja, na anayetaka kulifuata asihangaike na mafaili; atazame majalada ya vitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 fasihi ya Kiswahili ilianza kufundishwa kwa Kiswahili chenyewe katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Farouk Topan alikuwa mmoja wa waasisi wa kazi hiyo. Kitabu alichokihariri kikatoka mwaka 1971 kiliitwa Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili. Neno lililochaguliwa ni maandishi. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya wakatoa Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Mwaka 1982 F.E.M.K. Senkoro akakiita kitabu chake kwa neno moja tu: Fasihi. Ndani ya miaka kumi na mmoja neno lilikuwa limekomaa kiasi cha kusimama peke yake juu ya jalada.

Majalada hayohayo yanatuonyesha pia maneno mawili yakishindania kazi moja. Topan alisema uchambuzi. T.S.Y. Sengo, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya Shaaban Robert, alisema uhakiki. Leo tunayatumia kana kwamba ni pacha, na hapo ndipo ninapoona kosa letu la kwanza. Kuchambua ni kazi ya mikono: pamba huchambuliwa ili mbegu zitengane na nyuzi, mboga huchambuliwa ili majani mabovu yaondoke. Anayechambua hutenganisha. Kuhakiki kunatokana na mzizi wa haki, na katika Kiarabu mzizi huo hubeba maana ya ukweli na ya kuthibitisha. Mtu aweza kuchambua riwaya nzima, akaiweka mafungu mafungu kama mchicha juu ya ungo, bila kuhakiki lolote. Mtihani wetu umeruhusu jambo hilo kwa muda mrefu mno.

Maneno mengine yalikuja kwa njia mbalimbali. Riwaya katika Kiarabu ni mapokezi, habari inayosimuliwa na mtu aliyeipokea kwa mwingine. Kwetu ilikuja kutengwa na hadithi ili itaje kitabu kirefu cha nathari, na kufikia mwaka 1976, Euphrase Kezilahabi alipoiita tasnifu yake ya chuo kikuu Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya, neno halikuhitaji maelezo tena. Mhusika aliundwa hapa nyumbani kutokana na kitenzi husika: yeye ni mtu ambaye mambo yanamgusa. Ni istilahi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Muundo umetoka katika kuunda, kazi ya mafundi wa majahazi. Mpangilio wa matukio haujapata jina moja hata leo: kuna wasemao ploti na kuna wasemao msuko, neno la wasusi wa nywele na wa mikeka. Mimi napendelea msuko, kwa kuwa linamwambia mwanafunzi kwamba kuna mikono iliyopitisha uzi huu juu ya ule.

Fani na maudhui zinastahili kutazamwa zaidi. Fani kwa Waarabu ni sanaa au tawi la ujuzi, na hata sisi husema fani ya udaktari na fani ya uhandisi. Maudhui ni jambo linalozungumzwa, mada iliyowekwa mezani. Kwa asili yao maneno haya mawili hayakuwa jozi. Yalifungwa pamoja na wahakiki wetu, katika miaka ambayo mijadala ya Mlimani ilikuwa imejaa nadharia ya Kimarx kuhusu umbo na yaliyomo. Tangu hapo walimu wamekuwa wakitoa mifano ya sarafu na ya kikombe: je, fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, au moja ni kikombe na nyingine ni chai iliyomo? Mjadala huo ulikuwa na uhai kwa walioushiriki. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne umekuwa aya moja ya kukariri.

Dhamira nayo ina mkasa wake. Mtu mwenye dhamira ana kusudio moyoni, na dhamiri, ndugu yake wa karibu, ndiyo inayomsuta mtenda kosa. Kwa hiyo ukisema dhamira yafaa uulizwe: ya nani? Ya mwandishi? Ya msimulizi? Katika madaftari dhamira haina mwenyewe. Imekuwa jina la tatizo la kijamii: ulevi, rushwa, mila potofu, nafasi ya mwanamke.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Jibu, kwa maoni yangu, limo katika nyakati zenyewe. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilitoka mwaka 1967, mwaka uleule sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa ilipopitishwa. Kila kitu kiliulizwa kinajenga nini, na riwaya haikuachwa nje ya swali hilo. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa mashuleni kwa muda kabla ya kukubaliwa baadaye na kusomeshwa. Mwalimu aliyetaka kukitetea kitabu kama hicho alikuwa na ngao moja tu, nayo ni maudhui. Alipaswa kuonyesha kwamba malezi mabaya yamelaaniwa humo, na kwamba msichana anayesoma atapata funzo. Ngao hiyo ilihitajika, na sina haki ya kuwacheka waliojikinga nayo. Lakini kazi ya kusoma riwaya ikawa kazi ya kuikagua inafundisha nini, na fani ikabaki kuwa kiambatisho.

Kisha ukaja mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya nchi yetu kujitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki, na mtihani wa taifa hauna budi kusahihishwa kwa kipimo kimoja kutoka Mtwara hadi Bukoba. Kwa miaka mingi swali la riwaya limemtaka mtahiniwa atoe hoja tatu kutoka katika kila kitabu, kati ya vitabu viwili. Hoja tatu huhesabika. Msahihishaji mwenye rundo la karatasi mbele yake ataweka alama kwenye kila hoja na kuendelea. Istilahi iliyoundwa ili kuuliza ikawa kichupa cha kutilia jibu, na wachapaji wa vitabu vya marejeo wakavijaza vichupa hivyo mapema ili mwanafunzi asipate taabu ya kusoma.

Sasa twende Dirma. Shule za sekondari za kata, zilizoenezwa nchini kwa mpango ulioanza mwaka 2004, zimewafikishia riwaya watoto ambao wazazi wao hawakupata kuzisoma. Lugha za nyumbani upande huo ni hasa Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, na Kidatooga, ambacho ni cha jamii ya Kinailoti. Wadatooga wengi hujua Kiiraqw pia, basi kwa mtoto wao Kiswahili ni lugha ya tatu. Katika vikao vya istilahi sisi hujadiliana sana kama neno litwaliwe kutoka Kiarabu au liundwe kwa mizizi ya Kibantu, tukiamini kwamba neno la Kibantu litajieleza lenyewe. Kwa mtoto wa Kizaramo au wa Kisukuma imani hiyo ina msingi. Kwa mtoto wa Dirma, tashihisi na msuko zina ugeni uleule. Hakuna hata moja inayojieleza. Zote mbili zitaeleweka kwa kutumiwa tu, na orodha haimpi nafasi ya kuzitumia.

Wala asidhaniwe mtoto huyo anaingia darasani mikono mitupu. Wairaqw wana slufay, maneno ya baraka na maombi yanayotamkwa na mzee huku waliohudhuria wakimwitikia. Anayeisikiliza hujua kutofautisha usemi uliopangwa na mazungumzo ya kawaida. Wadatooga wana jambo ambalo sisi wa kazi ya istilahi tungepaswa kulisomea zaidi, nalo limechunguzwa na mwanaisimu Alice Mitchell katika Wilaya ya Mbulu. Mwanamke akiolewa hatamki jina la baba mkwe wake, na mwiko huo huwagusa na wakwe wengine wa upande wa mume. Zaidi ya hayo, huepuka hata maneno ya kawaida yanayofanana kwa sauti na majina hayo. Na kwa kuwa majina mengi yametokana na maneno ya kila siku, mwanamke hujikuta ameyaacha maneno anayoyahitaji tangu asubuhi hadi jioni, akatumia mengine badala yake: huenda ni neno la kuzunguka, huenda ni neno lililobadilishwa sauti. Wanawake wameirithishana hazina ya maneno hayo mbadala, na wasikilizaji huelewa. Sisi tukipitisha maneno mia kwa mwaka na kumi yakashika, twajipongeza.

Mtoto aliyelelewa na mama wa namna hiyo amekua akisikia kwamba jambo laweza kutajwa bila kutajwa, na kwamba kuna sababu ya heshima inayomfanya msemaji azunguke. Ndivyo riwaya nayo inavyosema. Mwalimu angeweza kuanzia hapo: mwandishi amezunguka wapi, na amelikwepa neno gani?

Nitoe mfano kwa Takadini, riwaya ya Ben Hanson ambayo shule zetu zimeisoma kwa miaka mingi katika tafsiri ya Kiswahili. (Watahiniwa wengi hawajui kuwa ni tafsiri, na jina la mfasiri halitajwi darasani; wenzangu wafasiri watalifahamu jeraha hilo.) Takadini anazaliwa zeruzeru katika jamii ambayo desturi yake inataka mtoto wa namna hiyo auawe, na Sekai, mama yake, anamchukua na kutoroka naye. Daftari litaandika: mhusika mkuu, Takadini, dhamira, mila potofu. Hapo mwalimu na amwambie mwanafunzi ahakiki neno mkuu. Katika Kiswahili chetu mkuu ni mwenye cheo, kama mkuu wa wilaya au mkuu wa shule, na mwanafunzi humpa ukuu yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya jalada. Lakini mtoto mchanga hatoroki. Anayeamua ni Sekai, anayetembea ni Sekai, na anayeomba hifadhi ugenini ni Sekai. Mwanafunzi na afungue kitabu, ahesabu kurasa ambazo mama ndiye anayeyasukuma matukio, aonyeshe ni wapi kijana anaanza kujisukuma mwenyewe, na aseme mabadiliko hayo yanaifanya nini ile dhamira aliyoiandika. Huenda akaamua kwamba jalada lina haki. Huenda akaamua vingine. Kwa vyovyote atakuwa ametoa dai na kuliweka mbele ya ushahidi, na aya yake haitafanana na ya jirani yake.

Kuna watakaosema kwamba njia hii haisahihishiki. Nimesikia hoja hiyo kwa walimu ninaowaheshimu, wenye madarasa ya wanafunzi wengi na nakala chache za riwaya, na siipuuzi. Ila kipimo chaweza kuandikwa: alama moja kwa dai, moja kwa mahali katika kitabu panapolithibitisha, moja kwa maelezo ya jinsi mahali hapo panavyolithibitisha. Ni alama tatu zilezile za hoja tatu.

Kwa upande wetu wa istilahi, nimependekeza tuyatenganishe maneno mawili tuliyoyaacha yafungamane: uchambuzi ubaki kuwa jina la kazi ya awali ya kutenga vipengele, na uhakiki utumike pale tu ambapo hukumu imetolewa na kuthibitishwa kwa matini. Kuhusu mhusika mkuu, yamependekezwa mhusika kiini na mhusika mbeba kisa. La pili ni refu, lakini ndilo ninaloliunga mkono, kwa kuwa linamlazimisha mwanafunzi aulize ni nani hasa aliyekibeba kisa, na amekibeba kutoka ukurasa upi hadi upi.