Ukoo wa Nereus na Binti Yake Psamathe

Nereidi, nimfa wa bahari katika masimulizi ya Ugiriki ya kale, asili yao ni Pontus, yaani Bahari yenyewe, aliyezaa na Gaia, Ardhi, mwana aitwaye Nereus. Huyu Nereus alisifika kwa ukweli, akaitwa Mzee wa Bahari. Alimwoa Doris, binti Oceanus, wakajaliwa mabinti 50. Mshairi Hesiod aliwataja kwa majina katika Theogonia, na mtu wa pwani angewatambua mara moja: Galene ni shwari, Cymothoe ni wimbi liendalo mbio, Speio ni pango, Actaea ni ufuko, Psamathe ni mchanga.

Waliovuma ni wachache. Amphitrite aliolewa na Poseidon, mungu wa bahari. Thetis alimzaa shujaa Achilles. Psamathe hatajwi sana, ilhali ndiye mwenye kisa kizito kuliko wengi wao. Aeacus, mfalme wa kisiwa cha Aegina, alimwandama. Psamathe akajigeuza sili ili amponyoke, asifaulu. Akamzaa Phocus, jina litokanalo na neno la Kigiriki la sili.

Aeacus alikuwa na wana wawili wa ndoa, Peleus na Telamon. Hao walimwonea kijicho Phocus kwa umahiri wake michezoni, wakamwua na kuuficha mwili. Baba yao akawafukuza kisiwani. Psamathe naye hakusamehe: alimtuma mbwa mwitu aangamize ng'ombe wa Peleus. Aliyemwombea Peleus msamaha, anavyosimulia mshairi Ovid, alikuwa mkewe Thetis, dada yake Psamathe. Mbwa mwitu akageuka jiwe. Basi Phocus, kwa upande wa baba, ni ami yake Achilles. Kwa upande wa mama, wawili hao ni watoto wa dada na dada, yaani ndugu.

Baadaye, katika tamthilia ya Euripides iitwayo Helen ya mwaka 412 KK, Psamathe ni mke wa Proteus, mfalme wa Misri, na mama wa Theoclymenus na Theonoe. Theonoe alirithi kipaji cha utabiri kwa babu yake Nereus.

Ukoo huu haukuishia katika ushairi. Mwaka 480 KK dhoruba iliponasa merikebu za Waajemi karibu na rasi ya Sepias, makuhani wao waliwatolea sadaka Thetis na Nereidi wenzake, kwa kuwa waliambiwa kwamba hapo ndipo Peleus alipomnyakua Thetis. Mwanahistoria Herodotus anaeleza kwamba dhoruba ilikoma siku ya nne.