Kilima cha Old Kampala: kutoka ngome ya Lugard hadi mnara wa msikiti

Mgeni anayetaka kuiona Kampala yote kwa mara moja huelekezwa kwenye mnara wa Msikiti wa Taifa wa Uganda, juu ya kilima cha Old Kampala. Hulipa kiingilio, na mwanamke asiyevaa mavazi ya kujistiri hupewa mtandio wa kichwani na kitambaa cha kujifunga kiunoni. Kisha huanza kupanda ngazi, zaidi ya 300, zinazozunguka ndani ya mnara hadi kichwa kianze kuwa chepesi. Akifika juu, mji umemlalia miguuni pande zote.

Wengi hupiga picha na kushuka. Ni hasara, kwa sababu historia ya Buganda, na kwa kiasi kikubwa historia ya Uganda, iliamuliwa na swali la nani amekaa juu ya kilima gani. Hakuna mahali pengine ambapo historia hiyo inaonekana kwa macho kama hapa.

Kabla ya ukoloni kilima hiki kilikuwa malisho ya swala wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na jina la mji limetokana na swala hao. Ikulu yenyewe ilihamahama. Kila Kabaka alijichagulia kilima chake, na wakati mwingine alihama kutoka kimoja hadi kingine akiwa bado kwenye kiti. Mutesa wa Kwanza alikaa Rubaga, akaja kujenga Kasubi, akazikwa huko mwaka 1884. Mwanae Mwanga aliweka makao yake Mengo. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walikuwa wamekwisha fika Buganda tangu miaka ya 1840, wakaja na vitambaa, bunduki, Kiswahili na Uislamu. Wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza walifuata mwaka 1877, na Wakatoliki kutoka Ufaransa mwaka 1879. Kila dini ikapata wafuasi barazani kwa Kabaka, na baada ya muda kila kundi la wafuasi likawa jeshi.

Hali ilikuwa hiyo Desemba 1890, wakati Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipovuka mto Nile bila kungoja idhini ya Mwanga. Alikuwa na askari wa Kisudani, wapagazi Waswahili, na bunduki ya rashasha aina ya Maxim ambayo ilikuwa imechakaa kwa safari za mvumbuzi Stanley. Tarehe 18 aliingia mjini. Wenyeji wake walimwonyesha mahali pa kupiga kambi bondeni. Akakataa, akapanda kilima cha swala, akatua mizigo yake juu, ana kwa ana na ikulu ya Mengo.

Uamuzi huo wa siku moja ulibadilisha mengi. Kwa desturi ya Buganda, mgeni hukaa pale anapowekwa na mwenyeji, na Kabaka ndiye anayetazama watu kutoka juu. Sasa mgeni mwenye silaha alikuwa amejipangia nafasi iliyo wazi kuelekea ikulu. Tarehe 26 Desemba, siku nane tu baadaye, Mwanga alitia saini mkataba na Kampuni. Kambi ikazungushiwa boma na handaki, ikawa ngome.

Ukisimama mnarani na kutazama kusini na magharibi, unaona uwanja wote wa vita vilivyofuata. Kusini ni Mengo. Kusini-magharibi ni minara miwili ya kanisa kuu la Rubaga, makao ya Wakatoliki, na jirani yake ni kuba la Namirembe, kilima cha Waanglikana. Tarehe 24 Januari 1892 makundi hayo mawili yalipigana katika mabonde yaliyo kati ya vilima hivi. Lugard aliwagawia Waanglikana bunduki, na Maxim ikafyatuliwa kutoka kilimani. Wakatoliki walishindwa, kanisa lao la Rubaga likateketea, na mapadri wakapata hifadhi ndani ya ngome ileile ya Lugard. Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe katika ziwa Victoria, karibu na Munyonyo. Huko nako alifuatwa kwa Maxim, akatoroka kwa mtumbwi. Aliporudi mwishoni mwa Machi, hakuwa tena bwana wa vilima vyake.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Aprili 1893, bendera ya Kampuni ilishushwa na ya Uingereza ikapandishwa. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa nchi chini ya himaya ya Uingereza. Mwanga alijaribu kupigana mwaka 1897, akashindwa, akakamatwa, akapelekwa visiwa vya Seychelles pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Alifia huko mwaka 1903, na mwaka 1910 mwili wake uliletwa kuzikwa Kasubi, kwenye kilima kinachoonekana kaskazini-magharibi ya mnara. Makaburi hayo ya wafalme yaliungua Machi 2010, na baada ya kazi ndefu ya kuezeka upya, UNESCO iliyaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

Old Kampala haikubaki kambi ya kijeshi kwa muda mrefu. Serikali ilihamia Nakasero, upande wa mashariki, ambako leo majengo marefu ya ofisi yamejipanga. Mwaka 1908 ngome ya zamani ikawa makumbusho ya kwanza ya Uganda. Waganda waliiita nyumba ya mayembe, kwa sababu ya pembe na vifaa vya mizimu vilivyowekwa humo. Makumbusho yalihamia Makerere miaka ya 1940, kisha Kitante mwaka 1954, ambako yapo hadi sasa. Kwenye miteremko ya kilima, Wahindi walijenga nyumba za ghorofa zenye duka chini na makazi juu. Nyingi bado zimesimama, ingawa wenyewe walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972.

Ni Amin huyohuyo aliyeutoa uwanja wa juu ya kilima kwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda. Ujenzi wa msikiti ulianza miaka ya 1970, ukasimama serikali yake ilipoanguka mwaka 1979, na kwa zaidi ya miaka 20 kilima kilibeba gofu. Kazi iliendelea kwa fedha za Muammar Gaddafi wa Libya, na msikiti ulifunguliwa rasmi mwaka 2008 ukiwa na jina lake. Baada ya yeye kuuawa uliitwa Msikiti wa Taifa. Kwa Waislamu wa Uganda jambo hili lina uzito wake. Katika vita vya dini, wao ndio waliobaki na sehemu ndogo kabisa ya nchi, na kiongozi wao, Mwanamfalme Nuhu Mbogo, alipelekwa Zanzibar uhamishoni mwaka 1893. Leo msikiti mkubwa kuliko yote nchini umesimama pale ngome ilipokuwa.

Lakini msikiti huo uligharimu ngome. Boma la asili lilibomolewa kupisha ujenzi, na mgeni sasa anaonyeshwa nakala iliyojengwa pembeni, ndani ya uwanja huohuo. Ingewezekana kuvihifadhi vyote viwili. Mji usiolinda mawe yake ya kwanza hulazimika kuwasimulia watoto kwa mdomo kile ambacho wangeweza kukigusa.

Mashariki, chini kabisa, soko la Owino limefunikwa na mabati na miavuli, na karibu yake teksi nyeupe zenye miraba ya buluu zimebanana katika stendi kuu hadi ardhi haionekani. Mabonde hayo zamani yalikuwa matete na maji. Mfereji wa Nakivubo bado unayapeleka maji ya mvua na taka hadi ziwani, na siku ya anga safi ziwa lenyewe linaonekana likimeta kusini. Wakubwa walikaa vilimani, watu wa kawaida wakabaki mabondeni, na mvua kubwa ikinyesha ni mabonde yanayofurika hadi leo.

Ndiyo maana ninawaomba walimu wa Kampala, na wa Jinja na Masaka pia, wawapeleke wanafunzi wao juu ya mnara huu kabla ya kuwafundisha mkataba wowote wa kikoloni darasani. Wawaonyeshe Mengo, Rubaga, Namirembe na Kasubi kwa kidole. Na mamlaka ya jiji ihakikishe kwamba majengo mapya hayazibi mandhari kati ya vilima hivi. Kilele cha Old Kampala kiliwahi kuwa cha mwenye bunduki. Sasa yeyote mwenye kiingilio na pumzi ya kutosha anaweza kupanda, na kila raia wa nchi hii anastahili kupanda angalau mara moja.