Alama Saba za Moroko

Leo nawaomba turudi nyuma hadi usiku wa tarehe 19 Aprili, 1980, katika mji wa The Hague, Uholanzi. Wengi wetu huku tunaujua mji huo kwa mahakama zake kuliko kwa nyimbo. Lakini usiku ule ulikuwa wa nyimbo. Nchi 19 zilikuwa zimepeleka waimbaji wao kushindana katika mashindano ya Eurovision, na mamilioni ya watu walikuwa wamekaa mbele ya televisheni zao wakingoja kuona nani atashinda.

Miongoni mwa waimbaji hao alikuwapo binti mmoja kutoka Moroko, Samira Bensaïd. Alisimama mbele ya okestra akaimba kwa Kiarabu wimbo ulioitwa "Bitaqat Hub", yaani kadi ya mapenzi. Neno hilo la pili halihitaji mkalimani kwa Mswahili, kwani ndilo huba letu lile lile la kwenye taarabu. Ulikuwa wimbo wa kuiombea dunia upendo na amani.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya Kiafrika kupanda jukwaa lile. Hadi leo hii ninapozungumza nanyi, ndiyo pia mara ya mwisho.

Pengine msikilizaji atauliza: Moroko ilifikaje kwenye mashindano ya Ulaya? Jibu ni kwamba mashindano haya, yaliyoanza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, kwa nchi saba tu, hayaandaliwi na serikali za Ulaya. Mwenyewe ni Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, ulioundwa mwaka 1950. Umoja huo ni wa mashirika ya redio na televisheni, na eneo lake la matangazo halikuishia kwenye fukwe za kusini mwa Ulaya. Linavuka bahari ya Mediterania hadi Moroko, Algeria, Tunisia, Libya na Misri, na kwa upande wa mashariki hadi Lebanon na Yordani. Kwa hiyo Moroko haikuingia kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa na haki ya kukaa barazani kama wenzake.

Hata hivyo, haki ni jambo moja na siasa ni jambo jingine. Israeli, ambayo nayo imo katika umoja huo, ilianza kushiriki mwaka 1973, ikashinda mwaka 1978 na tena mwaka 1979. Kwa televisheni za nchi za Kiarabu huo ulikuwa mtihani mgumu, maana anayeshiriki hana budi kuonyesha nyimbo zote, ukiwamo wa Israeli. Tunisia ilijiandaa kushiriki mwaka 1977, kisha ikajitoa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, Lebanon nayo ilikuwa tayari imeshachagua mwimbaji na wimbo, ikajitoa kwa sababu hiyo hiyo: sheria zake hazikuruhusu kuonyesha wimbo wa Waisraeli.

Mwaka 1980 ikatokea nafasi. Israeli, kama mshindi, ilipaswa kuandaa mashindano kwa mara ya pili mfululizo, ikasema mzigo huo hauwezi. Uholanzi ikakubali kuubeba. Lakini tarehe iliyopangwa iligongana na siku ambayo Waisraeli huwakumbuka askari wao waliokufa vitani, nao wakaamua kutoshiriki kabisa. Kiti kikawa wazi, na Moroko ikakikalia. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika historia: mtu huingia ukumbini kwa sababu mwingine ametoka.

Sasa tuje kwenye kura. Kila nchi ilikuwa na jopo la majaji, na kila jopo liligawa alama kwa nyimbo kumi ilizozipenda zaidi, kuanzia alama moja hadi kumi na mbili. Moroko ilihukumiwa na majopo 18. Majopo 17 hayakuipa hata alama moja. Ni Italia peke yake iliyoikumbuka, ikaipa alama saba. Moroko yenyewe iliwapa Waturuki alama zake kumi na mbili, ile zawadi ya juu kabisa. Waturuki hawakurudisha hata moja. Johnny Logan wa Ireland akatwaa ushindi. Moroko ikawa ya 18 kati ya nchi 19. Nyuma yake ilibaki Finland, kwa alama sita.

Imesimuliwa mara nyingi kwamba Mfalme Hassan wa Pili alikasirishwa mno na matokeo hayo, akaamua nchi yake isirudi tena. Wapo pia wanaosema kwamba hasira ya mfalme si sababu pekee, kwa kuwa mwaka uliofuata Israeli ilirejea, na ule mtihani wa zamani ukarejea nao. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini iwe ni hasira au ni siasa, au vyote viwili, matokeo ni yale yale. Moroko ilijaribu mara moja, ikafunga mlango.

Wasikilizaji, sisi huku tuna msemo: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuutazame msemo huo kwa mifano ya mashindano yale yale. Ureno iliingia mara ya kwanza mwaka 1964 ikatoka bila alama hata moja, ilhali Moroko ilipata saba. Ureno ikarudi tena na tena kwa zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 2017 Salvador Sobral alipoiletea ushindi, tena kwa kuimba Kireno. Norway ilipata sifuri mwaka 1978, ikapata sifuri nyingine mwaka 1981, na mwaka 1985 ikashinda. Na ile Finland iliyoshika mkia usiku ule wa The Hague? Mwaka 1982 ilipata sifuri. Mwaka 2006 ikawa bingwa.

Atakayedai kwamba masikio ya Wazungu yasingeweza kuuzoea muziki wa Kiarabu, tumjibu kwamba sikio hufundishwa kwa kusikia. Uturuki, iliyokuwa ya 15 usiku ule ule, iliendelea kupeleka nyimbo zake, na mwaka 2003 ikashinda. Na atakayedai kwamba mashindano ni ya Wazungu wa Ulaya tu, atazame Australia, iliyo upande wa pili wa dunia. Ilialikwa mwaka 2015, na mwaka 2016 ikashika nafasi ya pili.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote unatoka Moroko kwenyewe. Katika kandanda nchi hiyo haikufanya kama ilivyofanya katika nyimbo. Iliomba kuandaa Kombe la Dunia la mwaka 1994 ikashindwa na Marekani. Ikaomba la 1998 ikashindwa na Ufaransa, la 2006 ikashindwa na Ujerumani. Ikaomba la 2010, ikashindwa na ndugu zetu wa Afrika Kusini kwa kura 14 dhidi ya 10. Ikaomba la 2026, ikashindwa na Marekani, Kanada na Meksiko. Mara tano! Angekuwa mwingine angesusa. Moroko haikususa, na Desemba 2024 FIFA iliithibitisha kuwa mwandalizi wa fainali za 2030, pamoja na Hispania na Ureno.

Na yule binti je? Samira Bensaïd hakuzichukua alama saba kuwa hukumu ya maisha yake. Alihamia Cairo, mji ambao okestra zake ndizo zilizowafunza wazee wetu wa Unguja taarabu, na huko, kwa jina la Samira Said, akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa ulimwengu wa Kiarabu. Mwaka 2003 Redio ya Tatu ya BBC ilimpa tuzo yake ya muziki wa dunia kwa upande wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini.

Basi nchi ilisusa, mwimbaji akaendelea. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tunapopeleka timu zetu, wanariadha wetu na waimbaji wetu ng'ambo, nao wakarudi mikono mitupu, tusiwe wepesi wa kusema "tusipeleke tena". Alama saba za mwaka 1980 hazikuiaibisha Moroko. Kilichoigharimu ni miaka yote iliyofuata, ambayo haikuwapo kabisa kwenye orodha.