Aliyeshindwa Alitoa Mji: Mchezo wa Maswali Ulivyokua, Ukitazamwa Kutoka Mgeta

Kwa vizazi vingi, mtoto aliyeshindwa kufumbua kitendawili alidaiwa mji. Mtegaji alisema "Nipe mji," naye aliyeshindwa akataja, tuseme, Bagamoyo. Mtegaji akiukubali, alisafiri papo hapo bila kuinuka kigodani: alifika Bagamoyo, akapokelewa, akala wali kwa samaki, akaulizwa habari za nyumbani, kisha ndipo akatoa jibu. Akiukataa mji huo, mwenzake alitafuta mwingine mpaka mwenye kitendawili aridhike.

Nimeutafakari sana utaratibu huu, na kila nikiutazama nauona una akili kuliko michezo mingi ya maswali iliyokuja baada yake. Aliyeshindwa hakunyamazishwa. Alibaki mchezoni, tena akiwa na zamu ya kutoa kitu anachokijua, yaani jina la mji ambao haujatajwa usiku huo. Mtoto asiyejua miji alijifunza miji. Na wote waliobaki kimya walipata hadithi ya safari kabla ya kupata jibu. Historia ya mchezo wa maswali katika nchi yetu inaweza kufuatwa kwa swali moja tu: asiyejua alilipa nini?

Mgeta ni mahali pazuri pa kuanzia. Iko upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, wilayani Mvomero, ambako vijiji vya Nyandira, Langali, Bunduki, Tchenzema na Kikeo vimekaa juu ya miteremko mikali iliyolimwa kabichi, njegere, viazi na karoti. Miezi ya Juni na Julai baridi huwasukuma watu jikoni mapema. Moto, giza na mikono iliyomaliza kumenya maharage ndivyo vilivyokuwa vyombo vya mchezo. Katika sehemu nyingi za Tanzania watoto walikatazwa kutega vitendawili mchana, na sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuwa na shamba: mchana ni wa jembe.

Vitendawili vyenyewe vilichotwa kwenye vitu vilivyo machoni. Nyumba yangu ina nguzo moja: uyoga. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kuku wangu katagia mwibani: nanasi, tunda ambalo mtu wa Matombo, kwenye miteremko yenye joto ya mashariki, hulifumbua haraka kuliko mwenzake wa Nyandira anayeishi na baridi. Hapo utaona kwamba kitendawili kilimpima mtu kwa mazingira yake. Hakikuhitaji kitabu. Jibu la pili, likiafiki maelezo, lilizua mabishano matamu, na wazee waliokaa pembeni ndio waliokata shauri.

Waluguru, wenyeji wa milima hii, walikuwa na jambo jingine lililoufaa mchezo wa kushindana. Jamii yao hufuata ukoo wa mama, na koo hizo zina watani. Mwaka 1963 mwanaanthropolojia James Boyd Christensen alichapisha utafiti kuhusu utani wa Waluguru, akieleza jinsi watani wanavyoruhusiwa kutaniana hata kwa maneno makali, na jinsi wanavyodaiwa wajibu mzito wakati wa msiba. Sisemi kwamba utani ndio uliozaa vitendawili. Lakini naamini watu waliolelewa kujua nani anaweza kuwacheka, na kwamba huyo huyo ndiye atakayewazika, wanaweza kuulizana maswali magumu usiku kucha wakaamka marafiki.

Kisha likaja swali la aina nyingine. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, walipanda taratibu kuelekea Morogoro na milimani, na Mgeta ikapata misheni yake. Pamoja na mbegu za mboga za Ulaya walileta katekisimu, kitabu cha maswali na majibu. Hapa swali lilikuwa na jibu moja lililoandikwa tayari, na kulijua kulikuwa sharti la kubatizwa. Shule ilichukua mtindo huo huo. Asiyejua alilipa kwa fimbo, kwa kurudia darasa, au kwa kusimama mbele ya wenzake akiwa kimya. Elimu hiyo iliwapa watu wengi wa milimani kusoma na kuandika, na hilo si jambo dogo. Ila ndani ya darasa swali lilikoma kuwa mchezo.

Mchezo ulihamia kwenye karatasi. Januari 1923 serikali ya Tanganyika ilianza kuchapisha gazeti la kila mwezi la Mambo Leo, na washairi wa bara, siyo wa pwani peke yao, wakapata uwanja wa kuulizana. Mmoja alitunga fumbo kwa vina na mizani, akalituma Dar es Salaam. Baada ya muda jibu lilichapishwa kutoka kwa mtu asiyemfahamu, aliyeko mamia ya maili mbali, kwa bahari ile ile ya vina. Malumbano ya namna hii yalikuwa ya zamani pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na wapinzani wake tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Kilichokuwa kipya ni posta. Watu wasiowahi kuonana waliunganishwa na mapenzi yao kwa ushairi, wakawa kama jamaa, wakingoja gazeti la mwezi ujao wajue nani amefumbua. Aliyeshindwa alilipa kwa jina lake, maana wenzake wote walisoma kwamba amefungwa. Lakini alikuwa na mwezi mzima wa kutafuta beti za kujikomboa.

Kutoka huko ikatoka ngonjera. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, aliupa ushairi wa majibizano sura ya jukwaani: mmoja anauliza au anapinga, mwingine anajibu, mpaka hoja inakubalika. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wasaidie kueleza siasa mpya, na ngonjera zikaenea katika shule za msingi nchi nzima. Vitabu viwili vya Mnyampala vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, baada ya kifo chake mwaka 1969. Yeyote aliyesoma shule ya msingi miaka hiyo anakumbuka mstari wa watoto wenye sare mbele ya mgeni rasmi, nusu wakiuliza, nusu wakijibu. Udhaifu wa ngonjera niutaje wazi: pande zote mbili zilijua mwisho kabla ya kuanza. Anayeuliza alikuwa amepangiwa kushindwa.

Sura inayonigusa zaidi ni ya redio, na ili kuipima vizuri pale Uluguru ni lazima kurudi nyuma kidogo. Kati ya mwaka 1950 na 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko kwa jina la kuhifadhi udongo. Watu walipewa amri na hesabu ya hatua za kuchimba. Hakuna aliyewauliza wanajua nini kuhusu udongo wao, ingawa walikuwa wameishi juu ya milima hiyo kwa muda mrefu. Julai 1955 hasira zililipuka na ghasia zikatokea upande wa Matombo, na mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima juu ya mkasa huo, kilichotoka mwaka 1960. Kwao ni habari ya ardhi na siasa. Mimi naisoma pia kama habari ya watu wasioulizwa.

Miaka kumi na minane baadaye ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973, kwa majuma 12, Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha kipindi kuhusu malaria, kuhara, kichocho, maji na vyoo. Watu wapatao milioni 2 walisikiliza wakiwa wamekaa katika vikundi, na vikundi hivyo vilikaribia 75,000 nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, redio na kitabu. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, sehemu ya kitabu ikasomwa kwa sauti, na maswali yakaanza: kwa nini mbu ni wengi hapa kwetu? Maji tunayokunywa yanapita wapi kabla ya kutufikia? Mzee asiyejua kusoma alijibu sawa na kijana wa darasa la saba, mara nyingi vizuri zaidi, kwa kuwa swali lilihusu kijito anachokijua.

Na malipo? Kikundi kilichogundua kwamba hakijui, au hakifanyi, kilikwenda kufanya. Vyoo vingi vilichimbwa mwaka ule, mabwawa ya mbu yakafukiwa, nyasi zikafyekwa kuzunguka nyumba. Naweka kampeni hii ndani ya historia ya mchezo wa maswali kwa makusudi, ingawa haikuitwa mchezo. Ilikuwa na duara, zamu, kicheko na ubishi. Ilikuwa na kila kitu cha jikoni isipokuwa mji, na badala ya mji watu walitoa kazi.

Wakati huo huo, huko Ulaya na Marekani maswali yalikuwa biashara kubwa. College Bowl, shindano la wanafunzi wa vyuo, ilianza kwenye redio ya NBC mwaka 1953. Uingereza ikaiga kwa University Challenge mwaka 1962. Mwaka 1979 Wakanada wawili, Chris Haney na Scott Abbott, walibuni mchezo wa ubaoni wa Trivial Pursuit, na kuanzia hapo kujua vitu vidogo vidogo kukawa burudani ya sebuleni duniani kote. Mtindo huo ulitufikia moja kwa moja mwaka 2007, College Bowl yenyewe ilipozaa Celtel Africa Challenge, shindano la televisheni lililoanza na vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania, likiongozwa na Mkenya John Sibi-Okumu. Vijana wanne kila upande, kengele mkononi, zawadi ya maelfu ya dola. Nililipenda kwa jambo moja: lilionyesha vijana wa kwetu wakishangiliwa kwa kujua. Lakini maswali yalikuwa kwa Kiingereza, na bibi wa Tchenzema, ambaye angeweza kumfunga bingwa yeyote kwa majina ya miti ya msituni, hakuwa na kiti pale.

Simu ya mkononi ilifungua mlango mpana zaidi na kuuchafua upesi. Mashindano ya maswali kwa ujumbe mfupi yalimtoza mchezaji kwa kila jibu, na maswali yakawa mepesi kupita kiasi ili watu waendelee kutuma. Hapo malipo yaligeuka kabisa: hata aliyejua alilipa.

Makundi ya marafiki kwenye simu yameanza kuurudisha mchezo mahali pake. Mwana Mgeta aliyeko Dar es Salaam, aliyeko Mzumbe na aliyebaki Langali wanaweza kuulizana jioni bila senti ya zawadi, na anayepata ndiye anayeuliza lifuatalo. Shida ni moja, na kila mchezaji anaijua: jibu la maswali mengi linapatikana kwenye intaneti kabla muulizaji hajamaliza kuandika. Mlima mrefu zaidi wa Uluguru ni upi? Kimhandu, unaopita mita 2,600. Waziri Mkuu gani alifariki kwa ajali Dakawa, wilaya hii hii ya Mvomero, tarehe 12 Aprili 1984? Edward Moringe Sokoine, ambaye chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kinaitwa kwa jina lake. Maji ya mto Mgeta yanaishia wapi? Yanaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam.

Maswali yasiyotafutika kwenye simu ni yale ya karibu. Mbuzi wa kwanza wa maziwa kutoka Norway, walioletwa Mgeta kwa kazi ya wataalamu wa chuo cha Sokoine miaka ya 1980, walifikia kwenye zizi la nani katika kijiji chako? Njia ya zamani ya kushukia Morogoro, kabla ya gari, ilivuka mto mahali gani, na mahali hapo panaitwaje kwa Kiluguru? Mti upi ulikuwa mwiko kukatwa kwenye msitu wa ukoo wa mama yako, na ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kuingia? Kuyajibu haya kijana hana budi kupiga simu kwa bibi, na bibi, kabla ya kumpa jibu, ana haki ya kudai mji.