Kiwanda kikikupiga kalamu: haki na msaada anaopaswa kuujua mshonaji

Naandika haya nikiwa Busia, karibu na mpaka wa Uganda, ambako nina cherehani moja chini ya mwavuli. Kazi yangu ni kupunguza, kukaza na kubadilisha zipu za nguo za mitumba. Belo zenyewe hushuka bandarini Mombasa, zikapanda lori hadi huku magharibi. Nami nilifuata njia hiyo hiyo.

Kwa miaka 6 nilishona mashati katika kiwanda kimoja cha Pwani kilichouza humu nchini. Nguo za nje zikawa rahisi kuliko kitambaa chetu kabla hakijakatwa. Siku tulipopigwa kalamu, nilipewa shilingi 20,000, nikatia sahihi karatasi ambayo sikuisoma. Mshahara wangu ulikuwa 14,000 kwa mwezi. Baadaye nilipopiga hesabu kwa mujibu wa sheria, niliona nilistahili 56,000, mbali na likizo. Kila nirudipo Mombasa wenzangu huniuliza kama kuna msaada wowote wa serikali. Jibu ninalo, na nimeliweka hapa ili yasiwakute yaliyonikuta.

Serikali imesaidia nini?

Mara nyingi imesaidia viwanda, si wafanyakazi. Ukanda huu wa Busia, Teso na Bungoma ulikuwa wa pamba, na vinu vya kuchambulia vilikuwa sehemu kama Nambale na Malakisi. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, bodi ya pamba ikapoteza nguvu na mitumba ikajaa. Kicomi ya Kisumu ikafungwa. Rivatex ya Eldoret nayo ikaanguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na ikazinduliwa upya 2019.

Ipo pia kinga ya ushuru. Tangu Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza asilimia 35 kwa nguo nyingi zilizokamilika zinazotoka nje ya jumuiya. Na kwa sheria ya mwaka 2017, Kenya inaweza kuchunguza bidhaa zinazoingizwa kwa bei ya kuua soko.

Kuhusu mitumba, mwaka 2016 marais wa jumuiya walikubaliana kuipunguza hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Kenya ikajiondoa kwa kuhofia mpango wa AGOA, uliobeba ajira za viwanda vya EPZ. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Kwa hiyo anayeshona nguo za kwenda Marekani alilindwa, na anayeshonea soko la nyumbani akaachwa ajipiganie.

Marekani yenyewe ilikuwa na mpango wa kuwalipia mafunzo na kuwapa posho wafanyakazi walioumizwa na bidhaa za nje, hadi ulipositishwa mwaka 2022 kwa wanaoomba upya. Kenya haina mfuko wa aina hiyo. Ngao yetu ya kwanza ni sheria ya kazi.

Haki zako kazi inapopunguzwa

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri afanye haya:

1. Atoe ilani ya angalau mwezi mmoja kwa chama chako cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba. Kama huna chama, akuandikie wewe mwenyewe pamoja na afisa huyo.
2. Achague wa kuondoka kwa haki, akizingatia muda wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja.
3. Akulipe siku za likizo ulizobakisha.
4. Akupe ilani ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala yake.
5. Akulipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza.

Tuseme unalipwa 15,000 na umefanya kazi miaka 8. Nusu mwezi ni 7,500; mara 8 ni 60,000. Ongeza 15,000 za ilani, inakuwa 75,000. Ukiletewa pungufu, usitie sahihi kwamba umelipwa zote.

Kama mwajiri amefilisika, kifungu hicho hakitumiki. Tazama kifungu cha 66 na vinavyofuata: unaweza kumwandikia waziri wa kazi ulipwe sehemu ya unachodai, ikiwemo mishahara ya nyuma isiyozidi miezi 6, kutoka NSSF. Ipo mipaka ya kiasi, lakini si bure.

Angalia kalenda. Ukiona umeachishwa isivyo haki, lalamika kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakupa miaka 3. Mimi nilidhani miezi ile 3 ikipita ndiyo basi, nikakaa kimya hadi miaka nayo ikaisha.

Ujuzi na mtaji

Ukiwa na miaka ya kiwandani bila cheti, nenda NITA. Hufanya mitihani ya ufundi kwa madaraja na hutambua ujuzi ulioupatia kazini. Cheti hicho hukusaidia unapoomba kazi au zabuni ya kushona sare.

Michango yako ya NSSF ni yako. Ukishafika miaka 50 na umeacha kazi, unaweza kuidai. Chini ya hapo, hakikisha tu mwajiri aliipeleka. Kwa mtaji, ipo Hazina ya Uwezo na ile ya wanawake, kupitia vikundi, na Hustler Fund ya kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Huo ni mkopo. Usiuhesabu kama fidia.

Ukija mpakani

Busia na Malaba zina vituo vya pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili upande mmoja tu. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya jumuiya na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili na halipi ushuru wa forodha. Muulize afisa kama nguo unazoshona zimo, na ni kodi gani nyingine zinabaki. Mitumba haipati nafuu hiyo, kwa sababu haikutengenezwa kwetu. Usipite njia za panya kuokoa shilingi mia mbili. Mzigo ukikamatwa umeanza upya.

Nina ombi moja kwa wabunge wa Pwani na wa huku. Ushuru wa nguo za nje hukusanywa kwa jina la kutulinda sisi. Sehemu yake ndogo ingewekwa kando kwa mafunzo na posho ya miezi michache kwa mfanyakazi ambaye kiwanda chake kimeshindwa, mtu angeanza upya bila kuuza cherehani. Mpaka siku hiyo, soma karatasi kabla ya kutia sahihi, na fika ofisi ya leba wiki ile ile.