Utandawazi na Utume wa Kanisa Mpakani: Tunduma na Mkoa wa Songwe

Utangulizi

Utandawazi ni hali ya mataifa kufungamanishwa na biashara, usafiri, mawasiliano na mwenendo wa maisha, hata uamuzi uliofanyika mbali ukaleta matokeo mlangoni petu. Wapo wanaodhani kwamba jambo hili linawahusu wakazi wa miji mikubwa ya ng'ambo peke yao. Lakini bei ya kahawa ya mkulima wa Mbozi hufuata kwa sehemu kubwa mwenendo wa soko la New York. Shaba ya Kongo na Zambia hupita Tunduma ikielekea Bandari ya Dar es Salaam, na mafuta na bidhaa za madukani hupita njia hiyohiyo zikielekea bara. Pamoja na mizigo hiyo hupita watu, na wengi wao ni wabatizwa.

Katika makala haya tunatafakari swali moja ambalo utandawazi umeliweka mbele ya parokia zetu: yule anayepita njiani, asiye na nyumba wala jumuiya hapa kwetu, mchungaji wake ni nani?

1. Njia iliyoleta Injili

Historia inatufundisha kwamba njia hii si ngeni katika utume. Katika miaka ya 1880 Waingereza walianza kujenga barabara iliyoitwa Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulipogawa nchi hizi, barabara hiyo iliachwa upande wa Waingereza, na mpaka ukapita katikati ya watu wa ukoo mmoja. Hadi leo Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, Tanzania na Zambia, kama Walambya wanavyoishi Ileje na ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi.

Wamisionari walikuja kwa njia hizohizo za wafanyabiashara. Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walianza utume Mambwe, kandokando ya barabara hiyo, mwaka 1891. Wamoravian walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899. Baadaye likaja Shirika la Reli la TAZARA, lenye njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Mwaka 2016 Songwe ikawa mkoa, na mwaka 2018 Jimbo la Mbeya likapandishwa hadhi kuwa Jimbo Kuu. Mwezi Oktoba 2019 Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde kikazinduliwa na Marais wa nchi hizi mbili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wetu watu zaidi ya milioni 1.3.

Kwa hiyo hatuna sababu ya kuilaani barabara. Tofauti iliyopo ni hii: zamani mmisionari alisafiri kuwafuata watu waliokaa mahali pamoja, leo parokia imekaa mahali pamoja, na watu ndio wanaosafiri.

2. Changamoto zinazotukabili

Ya kwanza ni muundo wetu wa kichungaji. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho linalojumuisha Tanzania, Zambia na Malawi, walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele katika miaka ya 1970, na matunda yake tunayaona. Lakini jumuiya hujengwa juu ya ujirani. Dereva wa lori na utingo wake, ambao leo wako Tunduma, kesho Kasumbalesa na wiki ijayo Dar es Salaam, hawana jirani wa kusali naye. Wakala wa forodha, mbadilishaji fedha na mama lishe aliyehamia mpakani kutafuta riziki huweza kuishi miezi mingi bila kujulikana na jumuiya yoyote. Akiugua, au msiba ukimfika, swali la kwanza analoulizwa huwa ni la kadi.

Ya pili ni familia. Kutengana kwa muda mrefu hujaribu uaminifu wa ndoa. Upweke wa njiani na fedha taslimu ya siku moja vimewaingiza wengi katika mahusiano yanayoleta maradhi na watoto wasio na baba wa kuwalea. Nyuma ya kila lori kuna mama anayelea peke yake mahali fulani, na mpakani kuna wasichana ambao ufukara umewafanya kuwa bidhaa.

Ya tatu ni biashara haramu ya binadamu. Njia hii ya kusini hutumiwa pia kuwapitisha vijana kutoka Pembe ya Afrika wanaotafuta maisha Afrika Kusini. Mwezi Machi 2020, katika Mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 64 kutoka Ethiopia walikutwa wamekufa ndani ya kontena la lori. Desemba 2022 miili ya watu 27 ilikutwa imetupwa nje kidogo ya jiji la Lusaka. Hao si habari za mbali kwetu tunaoishi kandokando ya barabara ya malori.

Ya nne ni mahubiri yasiyo na msalaba. Kwa njia ya simu ya mkononi, dereva husikiliza mahubiri ya kutoka bara lolote akiwa kwenye foleni. Mengine humjenga, mengine humuahidi utajiri kwa sadaka na humuuzia maji au mafuta ya upako. Tusikimbilie kumlaumu anayeyafuata. Tujiulize ni nani mwingine aliyemfikia katika siku zile alizosubiri mpakani.

3. Mwongozo wa Mama Kanisa

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka Redemptoris Missio wa mwaka 1990, alifundisha kwamba utume hauna budi kuvifikia pia viwanja vipya: miji inayokua, wahamiaji, vijana na ulimwengu wa mawasiliano. Alivifananisha na Areopago ya Athene, alikohubiri Mtume Paulo. Papa Benedikto wa XVI, katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, alikumbusha kwamba utandawazi hutufanya majirani pasipo kutufanya ndugu. Udugu hutoka kwa Mungu. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa linaloshughulikia wahamiaji lilitoa mwongozo juu ya huduma ya kichungaji barabarani, ukiwataja kwa namna ya pekee madereva, wanawake wanaotumikishwa barabarani, watoto wa mitaani na wasio na makazi.

Sheria ya Kanisa nayo ina majibu ambayo waamini wengi hawayafahamu:

• Anayekaa katika parokia kwa nia ya kubaki walau miezi mitatu ana makazi ya muda hapo, na paroko wa hapo ni mchungaji wake halali (kan. 102 na 107).
• Asiye na makao popote, mchungaji wake ni paroko wa mahali alipo sasa (kan. 107).
• Msafiri hutimiza wajibu wa Dominika kwa kushiriki Misa ya Kikatoliki popote, iwe Tunduma au Nakonde, siku yenyewe au jioni ya kuamkia siku hiyo (kan. 1248).
• Kila mwamini ana uhuru wa kuungama kwa padre yeyote mwenye mamlaka halali (kan. 991).
• Katika hatari ya kifo, padre yeyote anaweza kumwondolea dhambi (kan. 976).

Kwa maneno mengine, kadi ya jumuiya ni chombo kizuri cha utaratibu, lakini haigeuki kuwa ukuta kati ya mbatizwa na neema ya Mungu.

4. Nini kifanyike

Tunapendekeza hatua zilizo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, ratiba za Misa na maungamo zibandikwe kwenye maegesho ya malori, nyumba za kulala wageni na migahawa, pamoja na namba ya simu ya ofisi ya parokia. Pili, parokia za mpakani ziteue makatekista na walei, hasa kutoka UWAKA, WAWATA na VIWAWA, wa kuwatembelea madereva walipo, wakiwemo wanaojua Kibemba na Kinyamwanga. Tatu, kila jumuiya iwe na mtu mmoja wa kuwapokea wageni wapya mtaani, na kuwaandikia barua ya utambulisho wanapohama. Nne, parokia za pande mbili za mpaka zishirikiane katika kufuatilia ndoa, ubatizo na maziko ya wanaohama. Tano, tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, isipite bila sala na mafundisho juu ya biashara ya binadamu. Na atakayeona dalili zake atoe taarifa kwa vyombo vya dola.

Kwa ndugu zetu madereva tunasema: mna haki ya kugonga mlango wa parokia yoyote. Msiogope kuulizwa mnatoka wapi.

Hitimisho

Kitabu cha Matendo ya Mitume (8:26–40) kinatueleza habari za Filipo, aliyetumwa na malaika kwenye barabara iendayo Gaza. Huko alimkuta msafiri, ofisa kutoka Ethiopia, akisoma ndani ya gari lake pasipo kuelewa. Filipo hakumtaka kwanza arudi Yerusalemu akajiandikishe. Alipanda garini, akaketi pamoja naye, akamweleza habari za Yesu, na walipofika penye maji akambatiza. Msafiri akaendelea na safari yake akifurahi.

Barabara kama hiyo inapita kwetu usiku na mchana. Bikira Maria, Nyota ya Uinjilishaji, atuombee ili anayesubiri kwenye foleni ya Tunduma asiondoke bila kukutana na Filipo wake.